Waliokabwa Hawakusema Uongo

Mwanzoni mwa 1995, katika siku za Ramadhani, watu wengi wa Pemba waliacha kulala ndani ya nyumba zao. Usiku ulipoingia walitoa mikeka na majamvi uani, wakawasha moto, wakalala kwa makundi, jirani na jirani, huku wengine wakikesha kulinda. Waliyekuwa wakimkimbia ni pepo aliyeitwa Popobawa. Habari zake zilivuka bahari zikafika Unguja, kutoka Unguja zikaingia Dar es Salaam, na kila zilikofika zilipata wa kuzisadiki, kwa sababu wengi waliosimulia hawakuwa wakisimulia ya kuambiwa. Walisema yamewafika wenyewe.

Waliyoyasimulia yalikuwa yanafanana. Mtu ameamka usiku, macho anayo, chumba anakiona, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Anahisi kuna kitu kimeingia. Wengine walisikia harufu mbaya. Kisha uzito unamshuka kifuani, pumzi zinakatika, na kwa baadhi yao kitu hicho kiliwaingilia kimwili, mwanamume na mwanamke bila kubagua. Ilisemekana pia kwamba kilimwamuru mtu akatangaze yaliyompata, na asipotangaza kitarudi.

Majarida ya ng'ambo yaliifanya habari hiyo kituko. Katrina Daly Thompson, msomi wa Kimarekani aliyechapisha kitabu kizima kuhusu Popobawa mwaka 2017, ameonyesha jinsi wageni walivyoisoma vibaya. Mazungumzo ya Popobawa yalibeba mengi: utani, kuonyana, na hata nafasi ya kusema hadharani mambo ya faragha ambayo kwa kawaida hayasemwi. Kwa hiyo si kila aliyemtaja Popobawa mwaka ule alikuwa amekabwa. Lakini wapo waliokabwa kweli, na kwa hao nina jambo moja la kusema, nami nalisema kwa moyo wote: hawakusema uongo. Walieleza kwa usahihi mkubwa kitu ambacho mwili wa binadamu hukifanya. Walipokosea ni pale walipomtaja aliyewakaba.

Nami nimewahi kukabwa. Nilikuwa bwenini, majira ya mitihani, nimelala mchana wa jua kali baada ya kukesha na madaftari. Niliuona ukuta. Niliziona nguo zilizoning'inia kwenye kitanda cha juu, nikawasikia wenzangu wakizungumza nje ya dirisha. Na nyuma ya kichwa changu alikuwepo mtu. Sikumwona, ila nilijua yupo, na nilijua kwa yakini ileile niliyoujulia ukuta. Nilijaribu kumwita rafiki yangu na ulimi haukugeuka. Yalipokwisha nilitoka nje mbio, na mwenzetu mmoja, kabla sijamaliza kueleza, akasema, "Ni jinamizi hilo." Hakukuwa na aliyeshangaa. Karibu kila mmoja pale alikuwa na kisa chake.

Ili kuelewa kinachotokea, tuanze na usingizi wenyewe. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una hatua ambayo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na mtu akiamshwa katika hatua hiyo mara nyingi husimulia ndoto. Hatua hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Miaka michache baadaye Michel Jouvet, mjini Lyon, Ufaransa, alichunguza paka na kugundua kwamba hatua ya ndoto inakuja na jambo jingine: misuli hulegea yote. Shina la ubongo hupeleka amri kwenye uti wa mgongo, na kemikali mbili, glisini na gaba, huzizima neva zinazoendesha misuli. Yanayobaki yakifanya kazi ni macho pamoja na msuli mkuu wa pumzi ulio chini ya mapafu.

Kulegea huko ni ulinzi. Jouvet alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka hao, walinyanyuka huku wamelala, wakavizia na kushambulia vitu visivyokuwepo. Bila kufuli hilo kila mmoja wetu angekimbia, angepiga na kuangukia samani kila aotapo.

Tatizo huzuka pale fahamu inapoamka na kufuli bado halijafunguliwa. Mtu anazinduka, anaona, anasikia, lakini amri yake haifiki kwenye mkono wala ulimi. Wataalamu huiita hali hiyo kupooza kwa usingizi. Hudumu sekunde chache, mara nyingine dakika chache, na huisha kwenyewe au mtu mwingine anapomgusa.

Basi uzito wa kifuani unatoka wapi? Katika hatua ya ndoto pumzi huwa fupi na zisizo na mpangilio, na misuli ya mbavu inayosaidia kuvuta hewa nyingi imelegea. Mwenye kukabwa anashtuka, anataka kuvuta pumzi kubwa, kifua hakimtii. Hewa inaingia ya kumtosha, ila yeye anasikia kwamba kuna kitu kimemkalia na koo limebanwa. Yule mgeni chumbani naye anatengenezwa na ubongo. Sehemu inayoitwa amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari, huwa imechangamka sana katika hatua ya ndoto. King'ora kinapiga, mwili umelala, hatari haionekani, na ubongo, ambao haukubali kuogopa bila sababu, unaitengeneza hatari kwa vipande vya ndoto na giza la chumba. J. Allan Cheyne, mwanasaikolojia wa Canada aliyekusanya maelezo ya watu wengi waliokabwa, aliyapanga katika mafungu matatu: kuhisi mtu ameingia, kukaliwa na kukabwa, na kuelea au kutoka nje ya mwili. Msomaji aliyewahi kusikia habari za kubebwa usiku na kurushwa hewani atalitambua fungu la tatu mara moja.

La kuingiliwa kimwili nalo halina budi kusemwa, maana ndilo linalowafanya watu wanyamaze kwa aibu. Katika hatua hiyohiyo ya ndoto damu huenda kwa wingi kwenye viungo vya uzazi, kwa mwanamume na kwa mwanamke, hata ndoto yenyewe isipokuwa na lolote la mapenzi. Hisia hiyo ikichanganyika na uzito, woga na kushindwa kusogea, mtu anaamka akiamini ametendewa. Kwetu leo hilo hupewa jina la jini mahaba, na ndoa zimeingia doa kwa sababu yake. Mwenye kuyapata hayo hana unajisi wowote, wala hana mume au mke wa pili asiyeonekana.

Tena si mambo ya wachache. Mwaka 2011 watafiti wawili, Brian Sharpless na Jacques Barber, walijumlisha tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000 na kukuta kwamba karibu 8 kati ya kila 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja. Kwa wanafunzi idadi ilipanda hadi 28 kati ya 100. Bweni letu halikuwa na laana.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni maelezo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna yetu. Lakini miongoni mwa walioliandika jambo hili mapema katika vitabu vya tiba walikuwa Waislamu wa Uajemi na Asia ya Kati. Akhawayni Bukhari, tabibu wa karne ya 10, alieleza hali aliyoiita kabusi na kusema inatokana na mvuke unaopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Ibn Sina naye aliizungumzia katika Kanuni yake ya tiba, akionya kwamba huenda ikawa ishara ya ugonjwa mkubwa kama kifafa. Nadharia ya mvuke imeshapitwa na wakati. Hata hivyo mabwana hao, walioishi katika jamii iliyoamini kwamba majini wapo, mtu alipolalamika kukabwa walimtazama kwanza kama mgonjwa. Tabibu wa Kiholanzi, Isbrand van Diemerbroeck, alikuja kuandika kisa cha mwanamke aliyekabwa usiku baadaye sana, mwaka 1664.

Nenda popote duniani utawakuta waliokabwa. Kisiwani Newfoundland, Canada, wavuvi walisema ni bibi kizee anayewakalia. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Kisiwani Saint Lucia ilidhaniwa ni roho za watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Wayoruba wa Nigeria wana vita vyao vya usiku, na watu wa Hmong wa Laos wana pepo wao anayekaa kifuani. David Hufford, Mmarekani aliyeanza utafiti wake Newfoundland na kuchapisha kitabu chake mwaka 1982, alibaini kwamba hata watu ambao hawakuwahi kusikia habari za bibi kizee yule walieleza mambo yaleyale. Hadithi haikuwa imewaingiza kitu kichwani. Tukio lilitangulia, jina likafuata.

Sasa turudi Pemba na Ramadhani ile. Mwaka 1992 watafiti wa Japani walifanya jambo ambalo kila mfungaji angelielewa. Waliwaamsha watu waliokuwa wamelala, wakawakalisha macho kwa muda, kisha wakawaacha walale tena. Baadhi yao, usingizi uliporudi, waliingia moja kwa moja kwenye hatua ya ndoto bila kupitia hatua za kawaida, na hapo ndipo kukabwa kulipotokea, ndani ya maabara, waya za kupima ubongo zikiwa kichwani. Mtu kulala, kuamshwa kabla ya alfajiri, kula daku, kuswali, kisha kujinyoosha tena: hiyo ndiyo njia waliyoitumia wale Wajapani kumwita jinamizi.

Ramadhani huja kila mwaka na Popobawa haji kila mwaka, kwa hiyo daku peke yake halitoshi. Mwaka 1995 ulikuwa na mzigo wake. Oktoba ungefanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na Pemba ilikuwa imejaa wasiwasi. Wapo waliosimulia kwamba kitu hiki kiliwahi kuonekana huko nyuma, baada ya Mapinduzi, na kwamba kilitumwa na watu wa upande wa pili wa siasa. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyefuatilia tukio hilo kwa karibu, ameeleza jinsi maelezo ya Popobawa yalivyozidi kuvaa siasa kadiri siku zilivyokwenda. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye ufunguo. Watu wana hofu, usingizi wao umekatika. Mmoja anakabwa. Anatangaza, kwa sababu ameogopeshwa kwamba asipotangaza kitarudi. Waliosikia wanatoka nje kukesha, wanalala kwa vipande, chali juu ya jamvi, masikio wazi. Kukosa usingizi, wasiwasi na kulala chali ni vichocheo vitatu vikubwa vya kupooza kwa usingizi. Kesho yake wanakabwa wengine. Njia waliyoichagua kujilinda ilikuwa ikiwaandaa kukabwa.

Na palikuwa na maiti. Katika taharuki ile mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyekuja mjini Unguja kutafuta matibabu, alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, na kundi la watu likamuua. Kila nikisikia mtu akisema kwamba imani hizi hazimdhuru yeyote, tuwaachie watu mila zao, humkumbuka yeye. Alikuja kutafuta dawa.

Kukabwa kunamwacha mtu na swali, nalo ni nani. Daktari ana jibu ambalo halimtaji mtu. Mpiga ramli ana jibu lenye sura, na mara nyingi sura hiyo ni ya jirani, mke mwenza, au bibi mzee anayeishi peke yake. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, ilhali macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia maisha yao yote. Sidai kwamba mauaji hayo chanzo chake ni jinamizi. Ila mganga anapomuuliza mtu aliyekabwa jana usiku, "Ulimwona nani?", mtu huyo analo la kujibu. Ubongo wake ulimchorea sura, na ubongo huchora kwa sura unazozijua na unazoziogopa. Kauli ya namna hiyo isitumike kumhukumu hata kuku.

Woga wenyewe unaongeza adhabu. Baland Jalal na Devon Hinton walilinganisha watu wa Misri na wa Denmark waliokabwa usingizini. Wamisri, ambao wengi wao waliamini ni shambulio la jini, waliogopa zaidi na walibaki wamepooza kwa muda mrefu zaidi kuliko Wadenmark, ambao wengi walidhani ni hitilafu ya mwili tu. Miili ni ileile na usingizi ni uleule. Anayeamini anauawa hupambana, hupandwa na hofu, na hofu hiyo hurefusha dakika zake.

Mtu asinielewe vibaya. Sipigi vita dua. Anayesoma Ayatul Kursi kabla ya kulala, au anayepiga magoti kando ya kitanda akasali, analala moyo umetulia, na moyo uliotulia ni tiba ambayo hakuna daktari wa usingizi atakayeipinga. Waislamu wamefundishwa tangu utotoni kulala kwa ubavu wa kulia, na watafiti wa karne hii wamekuta kwamba wanaolala chali ndio wanaokabwa zaidi. Ninachokipiga vita ni biashara inayofuata asubuhi: kombe la kwanza, la pili, la saba, kuku mweusi, mbuzi, sadaka ya ukombozi inayopanda kila Jumapili, na mgonjwa anayeambiwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo au kwa sababu adui ameongeza nguvu. Jinamizi huja na kuondoka lenyewe. Yeyote aliyepewa pesa katikati ataonekana ameliondoa, na likirudi ataonekana anahitajika tena.

Hasara kubwa zaidi ni ya magonjwa yanayojificha nyuma ya jina la uchawi. Mfano ulio mkubwa kwetu ni degedege. Watafiti waliozungumza na akina mama wa Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wengi wakiamini kwamba mtoto anayekakamaa na kugeuza macho amepitiwa na ndege wa kishetani usiku. Alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, aliogeshwa mkojo, na hospitali ilikuwa ya mwisho, kwa sababu ilisemwa kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria kali iliyopanda kichwani. Baadhi ya waliofikishwa hospitali wamechelewa walikufa, na sindano ikalaumiwa.

Yupo pia anayeamka kila siku amechoka kama aliyelima shamba usiku kucha, na mtaani huambiwa kwamba ndivyo ilivyo, wachawi wanamlimisha. Muulize mkewe kama anakoroma. Muulize kama katikati ya mkoromo pumzi hukatika, kukawa kimya, kisha akashtuka akihema kama aliyezama. Huo ni ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini. Huwapata zaidi wenye uzito mkubwa na shingo nene, na huandamana na shinikizo la juu la damu. Unatibika. Mzee anayerusha ngumi na mateke akiwa amelala, akampiga mkewe bila kujua, naye ana lake: kufuli la misuli nililolieleza halifungi tena. Madaktari wa Minnesota, Marekani, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1986, na ilikuja kujulikana kwamba wengi wa wenye nao hupata ugonjwa wa Parkinson miaka ya baadaye. Mzee huyo apelekwe kwa daktari wa neva mapema.

Mtoto wa miaka minne anayepiga yowe muda mfupi baada ya kulala, macho wazi, hamtambui mama yake, na asubuhi hakumbuki kitu, hana shetani. Huko ni kuweweseka kwa usingizi mzito. Akae salama asijigonge, asiamshwe kwa nguvu, na kwa kawaida huacha kadiri anavyokua. Lakini akikakamaa, akitokwa na povu au akijikojolea, au tukio likijirudia kwa sura ileile kila usiku, apelekwe hospitali, kwa kuwa kuna kifafa kinachokuja usiku tu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha vidonge. Kwa miaka mingi dawa ya efavirenz ilikuwa sehemu ya matibabu ya kwanza ya virusi vya UKIMWI katika nchi zetu, na ilimezwa usiku. Inafahamika wazi kwamba huleta ndoto kali na za kutisha, hasa wiki za mwanzo. Fikiria mwanamke aliyeficha kidonge chake ndani ya kopo la unga ili mume asijue. Anaota anafukuzwa, anaamka akipiga kelele, na hawezi kumwambia mtu sababu. Anayemsikia atamwambia amerogwa. Akiamini, kitu cha kwanza atakachokiacha ni kidonge. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza dolutegravir kama dawa ya kwanza, na efavirenz haitumiki tena kwa wingi kama zamani, lakini zipo dawa nyingine zinazochafua ndoto, zikiwemo baadhi za malaria, za shinikizo la damu na za sonona. Anayeanza kuota vibaya baada ya kuanza dawa mpya arudi kwa aliyemwandikia, asiiache kimyakimya.

Madaktari nao wana funzo lao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakimbizi wa Hmong waliohamia Marekani kutoka Laos walianza kufa usingizini, wengi wao wanaume vijana wenye afya. Ukiwajumlisha na wakimbizi wengine wa kusini mashariki mwa Asia, walizidi 100. Jamii ilisema ni yule pepo wa kifuani, amewafuata kwa sababu ugenini wameshindwa kutimiza ibada zao za jadi. Ingekuwa rahisi kucheka, ila vifo vilikuwa vya kweli. Mwaka 1992 ndugu wawili madaktari wa moyo, Pedro na Josep Brugada, walieleza kasoro ya umeme wa moyo inayoweza kuusimamisha ghafla, mara nyingi usiku, na baadaye vifo vya namna hiyo kusini mashariki mwa Asia vikahusishwa nayo. Shelley Adler, aliyewahoji Wahmong kwa miaka, anaamini kwamba hofu ya pepo, juu ya moyo ambao tayari una kasoro, huenda ilichangia kuua. Waliosema kuna kitu kinawaua usiku walikuwa sahihi. Ilihitajika mtu wa kuwasikiliza akiwa na kipimo cha moyo mkononi.

Kwa hiyo ukikabwa leo usiku, usipambane. Kupambana na misuli iliyozimwa huongeza hofu na hisia ya kubanwa. Jiambie moyoni kwamba ni usingizi, hauui, unapita. Fumba macho. Peleka mawazo kwenye kitu kimoja unachokipenda: uso wa mwanao, aya unayoijua kwa moyo, wimbo wa kanisani. Legeza mwili, ngoja. Jalal ameyapanga mambo haya kuwa tiba ya hatua nne na kuyajaribu kwa wagonjwa wachache, na matokeo ya awali yalitia moyo. Wengine hufanikiwa kwa kuchezesha kidole kimoja cha mguu tu. Mwenzako akikusikia unaguna kooni, akuguse bega. Kisha shughulikia usiku unaofuata: lala saa zilezile, lala kwa ubavu, usilipe deni la usingizi kwa kulala hovyo mchana, na kama kuna msiba au woga uliokukaa rohoni, mtafute wa kuzungumza naye. Waliopitia vita, ubakaji au ajali mbaya hukabwa zaidi kuliko wengine.

Ukikabwa mara kwa mara, nenda hospitali, hasa kama mchana nao usingizi unakuangusha katikati ya kazi au maongezi, au magoti yanalegea ghafla ukicheka. Hizo ni dalili za nakolepsia, ugonjwa unaotokana na kupotea kwa kemikali ya ubongo inayotuweka macho. Mara nyingi huanza ujanani, umri wa sekondari. Maana yake ni kwamba katika shule zetu wapo wanafunzi wanaochapwa kwa kusinzia darasani na kuombewa kwa kukabwa bwenini, ilhali wana ugonjwa mmoja wenye dawa za kuupunguza makali. Walimu wa malezi na matroni wa mabweni wafundishwe kuwatambua. Na mhudumu wa afya anayeambiwa na mgonjwa, "Dokta, usiku nakabwa," asicheke, wala asiandike dawa ya usingizi upesi amalize foleni. Amuulize analala saa ngapi na kwa mkao gani, anameza dawa zipi, anakoroma, amefiwa, na je, mchana anasinzia.